Ukungu mweupe kwenye rangi ya boneti

SWALI: Julai nitachora boneti ya gari aina ya Noah mbele ya watu kwenye maonyesho ya sanaa hapa Mbeya mjini. Nimejaribu nyumbani asubuhi kwa rangi ya NC (nitroselulosi, ya kukauka haraka) na thina ya kawaida. Imefanya ukungu mweupe, na nilipobandua masking tepu rangi ikatoka nayo. Tatizo ni nini?

JIBU: Ndugu, hayo ni matatizo mawili.

Ukungu ni maji. Thina ya kawaida ni ya haraka, na ikigeuka mvuke hupoza bati. Mbeya iko mita 1,700 hivi juu ya usawa wa bahari, na gari lililolala nje usiku wa Julai huamka na bati la baridi. Likipoa zaidi, unyevu wa hewani hutua kwenye rangi mbichi. Usianze kabla ya saa nne asubuhi. Ukiwa na haraka, washa injini dakika 10 boneti ipate joto, kisha izime kabla hujafungua kopo la thina. Tumia thina inayokauka taratibu. Ukungu ukitokea, pulizia thina hiyo kidogo tu juu yake. Mara nyingi huondoka.

Kubanduka kunatokana na polishi. Mwagia boneti maji: yakijikusanya matone, nta bado ipo. Osha kwa sabuni ya vyombo, futa kwa dawa ya kuondoa nta ukitumia vitambaa viwili, kimoja cha kupaka na kikavu cha kufuta kabla haijakauka. Mafuta ya taa hapana, yanaacha utando. Kisha piga msasa wa maji namba 800 mpaka mng'ao wote uishe, hasa kingoni, ambako watu huruka. Bati likitokeza, weka praima, rangi ya chini ya kushikisha. Futa tena kwa dawa.

Kwa kuchora hadharani ningechagua rangi ya besi, ile isiyong'aa mpaka ipigwe klia, yaani tabaka la juu lisilo na rangi. Hushikika baada ya dakika 15 hadi 20, bati likiwa na joto. Enameli, ambayo mchoraji Tingatinga aliitumia kwenye hadibodi, huchukua saa nyingi, vumbi litaiwahi.

Klia yenye hadena (dawa ya kuikaza) usiipulize pale uwanjani hata watazamaji wakiomba. Ukungu wake una kemikali za isosianeti, zinazoumiza mapafu. Ipige gereji, kwa kipimo kilichoandikwa koponi, kabla saa 24 hazijapita tangu koti (tabaka) la mwisho la rangi ya besi.