Mnataka sheria ya kazi yenu? Anzeni na mbunge wa nyumbani

Kijana mmoja wa ambulensi huko Kakamega amenitumia meseji ndefu anauliza sisi wa fizio, yaani tiba ya viungo, tulifanyaje mpaka tukapata sheria yetu, maana wao wanaokoa watu barabarani usiku na mchana na bado wanaitwa madereva. Amenitonesha kidonda. Mimi hapa Kisumu nimeitwa mtu wa masaji miaka na miaka, nasimamisha wagonjwa wa kiharusi, halafu daktari anapita wodini ananiambia mbele ya mgonjwa "huyu mkande kidogo." Hiyo sijasahau mpaka leo. Na tena siku hizo mtu yeyote angefungua chumba mjini, aandike fiziotherapia mlangoni, aharibu shingo ya mtu, na hakuna baraza la kumwita.

Sheria yetu ilipita 2014, ikaleta baraza linalosajili, linalotoa leseni na linaloweza kukunyang'anya. Viongozi wa chama chetu cha fizio walipambana Nairobi, mimi naongea ya huku.

Bunge hukaa Jumanne mpaka Alhamisi, kwa hivyo mheshimiwa mngoje Ijumaa au Jumatatu ofisi ya CDF, ule mfuko wa maendeleo wa eneo bunge, ukimfuata Nairobi utapanga foleni na watu wa tenda. Mimi nilienda na mama wa Nyalenda aliyekuwa amepooza upande wa kulia. Aliingia kwa miguu yake, akaletewa chai, akashika kikombe kwa ule ule mkono, akanywa, akakirudisha kwa kisosa na hakuna tone lililomwagika. Mheshimiwa akaweka simu chini. Hapo ndipo nikatoa karatasi, na ilikuwa karatasi moja tu.

Mshahara msiutaje kabisa! Mkianza na mshahara watasema hawa wanatafuta vyeo, ongeeni vile mgonjwa anaumia akishikwa na mtu asiyesomea hiyo kazi. Kamati ya afya ikiita maoni, na lazima iite kwa sababu Katiba kifungu cha 118 inataka wananchi washirikishwe, pelekeni memoranda, yaani maoni ya maandishi, inayosema kipengele gani kibadilishwe na kisomeke vipi, neno kwa neno. Malalamiko matupu yanaishia kwa faili. Halafu pesa, mswada unaogusa hazina ya serikali unaangukia kifungu cha 114 cha miswada ya fedha na huko unaweza kulala sana, kwa hivyo onyesheni baraza lenu litajiendesha kwa ada za usajili.

Na msingoje kila mtu aingie. Kuna wenzetu walikataa kuchanga hata nauli, wakatucheka, na leseni zilipokuja wao ndio walikuwa wa kwanza kutundika ukutani. Iliniuma, lakini ningewangoja wao tungekuwa bado tunakanda watu. Nyinyi wachache mlio na moyo nendeni, tena nendeni sasa, uchaguzi ni Agosti 2027 na mswada ambao haujapita muhula wa Bunge ukiisha unakufa, mnaanza upya kusomesha mbunge mgeni.