Jibu: Ramani mpya ya mji na vichanja vya dagaa Kibirizi

Dada yangu, umeuliza kama kuna maana kwenda kwenye mkutano wa manispaa kuhusu mpango mpya wa matumizi ya ardhi, maana mnahofia vichanja vyenu vya kuanikia dagaa hapo Kibirizi, Kigoma, kando ya Ziwa Tanganyika, vitaondolewa. Nenda, tena msiende wawili watatu. Sheria ya Mipango Miji ya 2007 inataka wananchi washirikishwe, na mpango ukishaidhinishwa kuubadili ni kazi kubwa.

Kabla ya siku hiyo, mwombeni afisa mipango miji awaonyeshe rasimu ya ramani. Tazameni mwalo wenu, yaani pale mitumbwi ya uvuvi inapotua, umepakwa rangi gani, na rangi hiyo ina maana gani. Kisha andikeni barua: mnaanika wapi, mko wangapi, gari la mzigo linapita njia ipi. Nakala moja igongwe muhuri wa kupokelewa, mbaki nayo. Maneno ya mdomo hayafiki kwenye ramani, na inaniuma kwamba wanaoumia mara nyingi ni akina mama waanikaji.

Jambo moja gumu: Sheria ya Usimamizi wa Mazingira ya 2004 inazuia shughuli za kudumu ndani ya mita 60 kutoka ziwani. Kwa hiyo msidai ufukwe wote; ombeni eneo la kuanikia litengwe nyuma ya mstari huo, karibu na mwalo, na liandikwe hivyo kwenye mpango.