Dada wa Micheweni, usizisogeze kamba hizo ufuoni

Usizisogeze. Umeandika kwamba unakusudia kuzihamisha kamba zako za mwani wa aina ya cottonii kutoka kwenye maji ya magotini hadi karibu na ufuo, ili upate jua zaidi na usanisinuru, yaani mmea kujitengenezea chakula kwa mwanga, uende kasi, kisha ukauliza habari za mbolea, unene wa kamba na bei. Niliposoma sentensi ya kwanza tu nilishika kichwa, kwa sababu ndivyo nilivyofanya mimi hapa Jambiani wakati wa kaskazi, na kamba 60 zikaniharibikia.

Aliyenishauri alikuwa mtaalamu aliyefika pwani na viatu vyeusi vya kung'aa, wala hakuvivua. Alituchorea mstari unaopanda: mwanga ukizidi, chakula cha mmea huzidi. Mstari ule ni wa kweli, ila aliuachia njiani kabla haujafika pale unapolala. Mwanga ukishatosha, kuuongeza hakufai kitu, kwa kuwa kasi ya kazi hushikwa na kile kilichopungua kuliko vyote, jambo ambalo Mwingereza Blackman aliliandika tangu mwaka 1905. Na ukipita kiasi, huiharibu hata ile rangi ya mmea inayounasa.

Bamvua la kwanza, zile siku ambazo maji hujaa sana na kutoka sana, ndilo lililonifumbua macho. Kwetu maji ya bamvua hutoka kabisa kabla ya adhuhuri, na yaliyobaki juu ya kamba zangu yalikuwa ya kifundoni, yametulia tuli, yana moto kama ya kumkandia mzazi. Cottonii hustawi kwenye nyuzi 25 hadi 30 hivi. Joto likipita hapo kwa saa nyingi, vimeng'enya vinavyotengeneza chakula huzidiwa. Tena katika maji yasiyotembea mwani huimaliza kaboni iliyo karibu nao, na hapana mkondo wa kuuletea nyingine. Nikawa nina jua la kumgawia jirani, huku kaboni sina na ubaridi sina. Siku ya tatu nililishika tawi moja nikaona ncha zake zimekuwa nyeupe kama chumvi, na nilipolivuta kidogo likakatika, likabaki kiganjani likiteleza. Mume wangu akauliza kama siku hizi tunalima tambi. Nikacheka naye, maana bahari ina chumvi ya kutosha bila ya machozi yangu.

Spinosum, ile aina nyingine ya mwani tunaolima, ina uvumilivu kidogo, cottonii haina. Mbolea ya kumwaga mchangani nayo achana nayo, kwani mwani hauna mizizi, bali hufyonza kwa mwili mzima kutoka kwenye maji yanayopita.

Mimi sasa nina sharti moja: maji yaufunike mwani hata siku ya bamvua kuu, na yawe yanatembea. Ngoja bamvua lijalo, ushuke maji yakiwa yametoka mwisho, usimame unapotaka kupanda. Yakiwa ya kifundoni, endelea kwenda upande wa mwambani mpaka yakufike magotini na uhisi yanakusukuma miguu, hapo ndipo ukichome kigingi cha kwanza.