Muulize Shangazi: Pepo wa mapenzi asiye jini mahaba

SWALI: Shikamoo Shangazi. Huku kwetu Pangani binti akichelewa kuolewa, au mke akimchukia mumewe ghafla, la kwanza kusemwa ni jini mahaba. Juzi mjomba wa rafiki yangu, aliyesoma Nigeria, ametuambia kuna watu huko wanamwita pepo wa mapenzi "mama" na kumpelekea asali. Ni kweli yupo pepo wa namna hiyo aliye mwema?

JIBU: Marahaba mwanangu. Ni kweli, na huyo anayetajwa ni Oshun wa Wayoruba. Wenyewe hawamwiti pepo, ni orisha, yaani mmoja wa miungu walio chini ya Muumba, mwenye mto unaobeba jina lake na kupita mji wa Osogbo. Vitu vyake ni asali, shaba iliyosuguliwa ikang'aa, kichana, kioo na kipepeo cha mkono. Mimi nimelelewa na bibi aliyefukiza kanga zake udi kila Alhamisi jioni, awe na mgeni asiwe naye, kwa hiyo mwanamke wa namna hiyo hanitishi.

Wayoruba wanasimulia kwamba Olodumare, Muumba, aliwatuma orisha 17 kuja kuitengeneza dunia, na Oshun alikuwa mwanamke peke yake. Wale 16 wakakaa vikao bila kumwita. Mvua ikakata, na kila walichokishika kikaharibika. Waliporudi kushtaki, Olodumare akawauliza mwenzao yuko wapi. Ikabidi waende kumwomba radhi.

Lakini kisa ninachokipenda zaidi kinasimuliwa Kuba, walikofika Wayoruba waliouzwa utumwani. Ogun, orisha mhunzi, alikasirika akahamia msituni. Hapakuwa tena na jembe wala kisu. Wenye nguvu wakamfuata, wakarudi mikono mitupu. Ndipo akaenda Oshun na vitambaa vitano vya manjano kiunoni na kibuyu cha asali. Hakumwita. Alicheza tu, kana kwamba yuko peke yake. Ogun alipochungulia, Oshun akampaka asali mdomoni, akarudi nyuma hatua moja, akampaka tena, mpaka wakatokea kijijini.

Hapo ndipo ninapoona tofauti, mwanangu. Jini mahaba tunayesimuliwa sisi humtenga mtu na wenzake, akabaki na ndoto zake chumbani. Oshun anamtoa mtu upwekeni na kumrudisha kwa watu. Urembo wake, na hata mnato wa ile asali, ulikuwa kazi ya kijiji kizima.

Usidhani wema huo ni ulegevu. Anayempelekea asali sharti aionje kwanza mbele yake, kwa sababu inasemekana aliwahi kutiliwa sumu humo.

Msitu wake wa Osogbo, hekta 75, uliingizwa na UNESCO kwenye Urithi wa Dunia mwaka 2005. Ungekwisha kukatwa, kama si wenyeji na msanii mmoja Mwaustria, Susanne Wenger, aliyeacha kwao akawa kuhani huko, akajenga nao masanamu makubwa kati ya miti hadi alipofariki mwaka 2009. Kila Agosti msichana bikira anayeitwa Arugba hubeba sadaka za mji kichwani, zimefunikwa kitambaa, mpaka mtoni. Njiani watu humpazia sauti wakitaja haja zao: mtoto, mchumba, afya. Wanaotafuta uzazi huteka maji wakaondoka nayo.

Na hili linaniuma. Wachimbaji wa dhahabu huko juu ya mto wameyachafua maji yakawa rangi ya tope, na mwaka 2022 serikali ya jimbo iliwaonya watu wasiyanywe. Mto wa mama anayeombwa watoto! Wanawake bado wanakuja na madumu yao, wanainama ukingoni, wanateka.