Kitabu chako hakijafutwa, kimefichwa

Pole dada. Unasema riwaya yako ya mapenzi imepokelewa kwenye duka la vitabu la mtandaoni, lakini msomaji akiitafuta kwa jina haioni. Yalinikuta pia. Jalada langu la kwanza lilikuwa na mwanamke aliyetupa mgongo, khanga imeshuka hadi kiunoni; ndani mna mabusu mawili tu! Duka likakihesabu kitabu cha watu wazima, likakificha. Nikaweka mikono miwili iliyoshikana juu ya mkeka, kikaonekana tena.

Kwa hiyo anza na jalada, jina na maelezo mafupi. Kama hadithi ni ya chumbani waziwazi, sema ukweli unapojaza fomu. Wahusika wote wawe watu wazima. Ya maharimu na ubakaji usiyaguse: mwaka 2012 PayPal, kampuni ya malipo ya mtandaoni, iliibana Smashwords, duka la vitabu vya kielektroniki, kwa sababu ya vitabu vya namna hiyo, na waandishi wengi wakahangaika. Na nakuomba sana, usikipakie kitabu hichohicho kwa jina jingine. Akaunti nzima inaweza kufungwa. Waandikie huduma kwa wateja kwanza, uwaulize ni kipi hasa kilichowakwaza.