Nikitoa masega ya pikipiki iliyotoka Marekani, nitakuwa nimevunja sheria?

SWALI: Assalaam alaykum ndugu mhariri. Kaka yangu anaishi Marekani na amenunua pikipiki iliyotumika ambayo anakusudia kunitumia Pemba. Fundi wangu hapa Wete amenishauri kwamba ikishafika tuyatoe masega, yaani kile kifaa cha kusafisha moshi kilichomo ndani ya ekzosi, pamoja na kopo la mkaa linalonasa mvuke wa petroli, kwa sababu vitu hivyo vinaibana injini na vilima vya huku vinataka nguvu. Kaka anasema huko aliko hilo ni kosa, nami nimemwomba ayatoe yeye mwenyewe kabla ya kuipakia ili tumalize mjadala. Je, sheria ya huko inaifuata pikipiki mpaka huku?

JIBU: Waalaykum salaam. Kaka yako amesema kweli, na ombi ulilompa ndilo baya zaidi katika yote mliyoyajadili. Sheria ya Hewa Safi ya Marekani, ya mwaka 1970, inakataza kukiondoa au kukizima kifaa chochote kilichowekwa na mtengenezaji kwa ajili ya kupunguza moshi wenye sumu. Katazo hilo hapo awali liliwahusu watengenezaji, wauzaji na gereji, lakini marekebisho ya mwaka 1990 yalilipanua likamhusu mtu yeyote, akiwemo mwenye chombo. Na pikipiki za barabarani zimewekewa viwango vya moshi nchini humo tangu zile za toleo la 1978. Akiyatoa masega akiwa huko atakuwa amelitenda kosa huko huko, hata kama nia yake ni kuiendesha Pemba.

Wamarekani hawalichukulii jambo hili kwa wepesi. Mwaka 2016 kampuni ya Harley-Davidson ilikubali kulipa faini ya dola milioni 12 kwa madai ya kuuza vifaa vya kubadilisha mpangilio wa kompyuta ya injini, vilivyofanya pikipiki zitoe moshi mchafu kuliko kiwango zilichoidhinishiwa. Kampuni ilijitetea kwamba vifaa hivyo vilikusudiwa mashindano tu, lakini ilibidi iache kuviuza nchini humo.

Ama kukufuata mpaka Wete, hapana. Pikipiki ikishatoka Marekani kihalali na kusajiliwa hapa, inakuwa chini ya sheria zetu. Hapa inafaa kueleza jambo ambalo wengi hulichanganya: usafiri wa barabarani na mazingira si mambo ya Muungano, kwa hiyo Sheria ya Usimamizi wa Mazingira ya mwaka 2004 ambayo mafundi wa Dar es Salaam huitaja haitumiki kwetu. Sisi tunayo Sheria ya Usafiri Barabarani Namba 7 ya mwaka 2003 na Sheria ya Usimamizi wa Mazingira ya Zanzibar ya mwaka 2015, zote za Baraza la Wawakilishi. Jeshi la Polisi ndilo la Muungano, lakini askari anayekusimamisha Chake Chake anasimamia sheria ya Zanzibar. Kwa hiyo usichukulie kwamba kutofikiwa na sheria ya Marekani ni ruhusa ya kufungua ekzosi utakavyo. Kumbuka pia bima, kwani mkataba wake husimama juu ya maelezo uliyoyatoa, na chombo kilichobadilishwa bila kampuni kuarifiwa kinaweza kuleta mgogoro siku ya ajali.

Lakini hata bila ya sheria yoyote, ushauri wa fundi wako nisingeufuata. Masega ni tofali lenye matundu madogo madogo lililopakwa madini kama platinamu, paladiamu na rodiamu, na yakishapata moto wa kutosha huigeuza kaboni monoksaidi, ambayo ni sumu isiyo na rangi wala harufu, pamoja na mabaki ya petroli isiyoungua, kuwa hewa isiyodhuru kiasi hicho. Masega mazima hayaibani injini kwa kiwango utakachokihisi kilimani. Yanayobana ni yaliyoziba au kuyeyuka, na mara nyingi hufikia hapo kwa sababu injini inakula oili au plagi haichomi vizuri. Ukiyatoa bila kuitengeneza injini, ugonjwa unabaki pale pale na moshi unaingia madukani na majumbani. Tena pikipiki ya siku hizi isiyotumia kabureta imepangiwa kiasi cha petroli kwa kuzingatia ekzosi yake. Ukiifungua, mchanganyiko unaweza kuwa na hewa nyingi kuliko petroli, injini ikapata moto kupita kiasi na valvu zikaungua. Kopo la mkaa nalo halipunguzi nguvu yoyote ya maana, na ukiling'oa utauachia mvuke wa petroli utoke ovyo.

Ikifika na ukaiona nzito, mwambie fundi aanze na kichujio cha hewa, plagi, mnyororo na upepo wa matairi, kisha apime mgandamizo wa injini. Ikiwa ni kilima tu kinachokusumbua, kubadilisha gia ya nyuma kwa yenye meno mengi zaidi kutakupa mvuto bila kugusa ekzosi, ingawa mwendo wa juu utapungua kidogo. Kaka yako naye aiache kama ilivyo na ashughulikie hati ya umiliki, kwa sababu forodha ya Marekani hutaka hati hiyo iwasilishwe angalau saa 72 kabla ya chombo kilichotumika kusafirishwa, nawe utaihitaji wakati wa kuisajili hapa.