Baba ameandikiwa huduma shufaa: je, hospitali imemkatia tamaa?

Swali: Habari za kazi. Baba yetu ana miaka 71, ana kansa ya tezi dume iliyokwishafika kwenye mifupa ya mgongo na nyonga. Anachomwa sindano ya homoni kila baada ya miezi 3. Mwezi huu hospitali ya rufaa Mbeya wametuelekeza kitengo cha huduma shufaa na kutupa chupa ya morfini ya maji. Mdogo wetu aliyeko Uingereza anasema hiyo ndiyo hospisi, yaani mgonjwa karudishwa nyumbani kufa. Shangazi naye anasema morfini ikianza ndiyo mwisho, na baba akiizoea haachi, kwa hiyo tunampa anapolia tu. Sindano tuendelee nazo? Na hii morfini inatolewaje? (Binti mkubwa, Makambako)

Jibu: Dada, pole na uuguzi. Sindano za homoni ziendelee kwa tarehe zake, na morfini apewe kwa saa, asingoje kulia. Hayo mawili yaanzeni leo. Maelezo yake ni haya.

Huduma shufaa, ambayo wengine huiita tiba shufaa, ni huduma ya kumpunguzia mgonjwa mateso, na hutolewa kwa kufuata mateso hayo. Haingoji daktari akadirie kabakiza muda gani. Mtu akiwa na ugonjwa mzito unaomletea maumivu, kichefuchefu, kubanwa pumzi, vidonda, hofu, au mvutano ndani ya familia, anastahili huduma hiyo tangu siku ugonjwa unapogundulika, huku akiendelea na dawa za kupambana na ugonjwa wenyewe. Si ya kansa peke yake. Wagonjwa wa moyo kushindwa kazi, wa figo, wa kiharusi, watoto wenye selimundu na wanaohudhuria CTC (kliniki ya wenye VVU) wote wamo. Utafiti mmoja wa Boston uliochapishwa mwaka 2010, kwa wagonjwa wa kansa ya mapafu iliyosambaa, ulionyesha kwamba walioanzishiwa huduma hii mapema pamoja na matibabu ya kawaida waliishi vizuri zaidi, na kwa wastani wa kati waliishi miezi 11.6, dhidi ya 8.9 ya wenzao. Mwelezeni shangazi hilo kabla ya jingine lolote.

Hospisi ni sehemu ndogo ya huduma hiyo hiyo, ile ya kipindi cha mwisho. Hospisi ya kisasa ilianzia London mwaka 1967, Cicely Saunders alipofungua St Christopher's. Wazo kwamba ukiingia hospisi umeacha matibabu lina mizizi zaidi Marekani: kule bima ya serikali ya wazee hulipia hospisi pale madaktari wanapothibitisha kwamba mgonjwa, ugonjwa ukienda kwa mwendo wake, huenda asizidishe miezi 6, naye akubali kuacha tiba ya kuuondoa ugonjwa huo. Ni sharti la bima, na halihusiani na baba yenu. Hata huko Uingereza aliko mdogo wenu, wapo wanaoingia hospisi wiki moja au mbili, maumivu yanatulizwa, wanarudi kwao.

Kwetu majengo ya hospisi ni ya kuhesabu. Huduma yenyewe ndiyo humfuata mgonjwa: kliniki ya hospitali, muuguzi anayepita nyumbani, mhudumu wa afya ngazi ya jamii, na mara nyingi kanisa au msikiti. Hospitali ya Selian kule Arusha, iliyo chini ya kanisa la Kilutheri, KKKT, ni miongoni mwa waliotangulia kuipeleka majumbani. Kwa hiyo mkiambiwa "mkamhudumie nyumbani", msisikie "tumeshindwa". Ulizeni jambo moja: nani atatufuatilia, na kwa namba gani ya simu? Pasipokuwa na jibu, hapo ndipo pa kulalamika.

Sasa turudi kwenye chupa, maana hapo ndipo familia nyingi zinapokosea.

Morfini ya maji huanza kufanya kazi kama nusu saa baada ya kunywewa, na nguvu yake huisha baada ya saa 4 hivi. Mkingoja baba alie, mnaanza upya kila mara: maumivu yameshapanda, dozi ndogo haiyashushi, mnaona dawa haifai, au mnaongeza kwa kubahatisha. Ratiba inayofaa nyumbani ni saa 12 asubuhi, saa 4 asubuhi, saa 8 mchana, saa 12 jioni na saa 4 usiku. Madaktari wengi huagiza dozi ya saa 4 usiku iwe mara mbili ya nyingine ili mgonjwa avuke saa 8 usiku bila kuamshwa. Kama kwenye cheti chenu haikuandikwa hivyo, msiizidishe wenyewe, pigeni simu muulize.

Kiasi ni kile alichoandika daktari. Kwa mzee anayeanza, mara nyingi huwa miligramu 2.5 hadi 5 kwa dozi. Ila someni lebo kwa makini, kwa sababu miligramu si mililita. Chupa iliyoandikwa miligramu 5 kwa mililita 5 ni dawa nyepesi. Iliyoandikwa miligramu 50 kwa mililita 5 ina nguvu mara kumi, na kwa macho huenda zikafanana. Kila mkipewa chupa mpya, linganisheni lebo yake na ya zamani kabla ya kutoka dirisha la dawa. Vijiko vya jikoni wekeni kando, maana kijiko cha chakula kinabeba karibu mara tatu ya kijiko cha chai. Ombeni bomba la sindano lisilo na sindano, vuteni hadi kwenye mstari, na mstari huo mtieni alama ya kalamu ya wino usiofutika ili hata anayeshika zamu ya usiku asikosee.

Maumivu yakichomoza katikati ya ratiba, kwa mfano akigeuzwa kitandani au akioga, apewe dozi ya ziada iliyo sawa na ya kawaida, kama daktari ameiruhusu, na dozi ya saa yake inayofuata isirukwe. Kila ya ziada iandikwe kwenye daftari: saa, kiasi, ilisaidia au la. Zikifika zaidi ya mbili kwa siku, maana yake dozi ya kawaida ni ndogo na inatakiwa kupandishwa. Kazi ya kuipandisha ni ya kliniki, na daftari hilo ndilo watakalotumia.

Usingizi na kichefuchefu vya siku 2 au 3 za kwanza ni vya kawaida na hupungua. Mara nyingi mzee analala sana kwa sababu hakulala wiki nzima. Choo kigumu ndicho kisichozoeleka hata upite mwezi, kwa hiyo dawa ya kulainisha choo huanza siku moja na morfini. Inayopatikana zaidi ni bisakodili, kidonge kimoja au viwili vya miligramu 5 usiku. Kama hamkupewa, idaini. Mgonjwa asiyepata choo siku 4 huvimba tumbo, hutapika, kisha familia huiacha morfini ikidhani ndiyo imemshinda, kumbe ni choo.

Usingizi wa hatari una sura nyingine: humwamshi kwa urahisi, mboni za macho zimekuwa ndogo kama ncha ya pini, misuli inarukaruka, au anapumua chini ya mara 8 kwa dakika. Hesabuni kwa dakika nzima, kifua kikiwa wazi. Mkiona hivyo msimpe dozi inayofuata; mpelekeni hospitali mara moja. Kwa baba yenu nalisisitiza kwa sababu tezi dume inaweza kuziba njia ya mkojo, figo zikaelemewa, na mabaki ya morfini yakarundikana mwilini kwa dozi ile ile iliyokuwa sawa wiki iliyopita. Mkojo ukipungua ghafla, toeni taarifa siku hiyo hiyo. Na kwa sababu hiyo hiyo acheni kumnunulia diklofenaki dukani bila daktari kujua: inaumiza figo na inaweza kutoboa tumbo. Dawa za mitishamba nazo msizifiche, mwambieni muuguzi. Ulanzi na pombe nyingine yoyote visikutane na morfini, hata kwa kuonja.

Kuhusu kuzoea: mgonjwa anayeinywa kwa ajili ya maumivu, kwa kiasi alichoandikiwa, ni nadra sana kugeuka mtu wa kuitafuta kwa uraibu. Mwili wake utaizoea, ndiyo, kwa hiyo isikatishwe ghafla. Maumivu yakipungua hushushwa kidogo kidogo. Wala haiharakishi kifo. Imani hiyo imetokana na kuitoa siku mbili za mwisho tu, watu wakaunganisha chupa na msiba.

Jambo ambalo hamkuuliza, ila lina haraka kuliko yote: kansa iliyo kwenye mgongo inaweza kubana uti. Dalili zake ni maumivu mapya ya mgongo kama mkanda unaokaza kifua au tumbo, miguu kuwa mizito au kufa ganzi, kushindwa kukojoa au kujizuia choo. Asingoje siku ya kliniki. Alazwe chali bila kukunjwa, apelekwe hospitali siku hiyo hiyo, na mkifika tu semeni "kansa ya tezi dume, ipo kwenye mgongo, miguu imelegea tangu leo". Dawa ya deksamethasoni na mionzi vikiwahi, anaweza kuendelea kutembea. Akishalala siku kadhaa bila kusogeza miguu, mara nyingi hairudi. Mionzi pia hutumika kutuliza maumivu ya mfupa peke yake, mara nyingi dozi moja tu, na nafuu huja ndani ya siku kadhaa hadi wiki chache. Muulizeni daktari wa Mbeya kama baba anafaa kupewa rufaa ya Ocean Road, hospitali ya kansa ya Dar es Salaam, kwa ajili hiyo. Safari ni ndefu, kwa hiyo morfini ya siku zote za njiani na za kungoja foleni ifungwe kwenye begi la mkononi, na cheti kiambatane nayo, kwa kuwa ni dawa inayodhibitiwa na huwezi kuinunua duka la dawa muhimu ikikwisha mkiwa njiani.

Nyumbani chupa ikae mahali pa giza na baridi, ndani ya sanduku lenye kufuli kama mna watoto. Tarehe ya mwisho iliyoandikwa na hospitali ikipita, irudisheni.

Siku itakayofika ya kuuliza habari za hospisi mtaiona wenyewe: kitandani karibu siku nzima, uji vijiko viwili, sindano na vipimo vinamchosha kuliko kumfaa. Wakati huo daktari anaweza kuzisimamisha sindano za homoni, na dawa za maumivu hazisimamishwi. Msimlazimishe uji, utaingia njia ya hewa. Akishindwa kumeza, morfini inaweza kutolewa kidogo kidogo ndani ya shavu au kwa sindano ya chini ya ngozi, na hilo lipangwe na muuguzi mapema, kabla hamjawa katikati ya usiku wa mvua na barabara ya utelezi.

Kwa sasa chagueni mmoja wenu, pengine wewe, awe ndiye wa kuzungumza na kliniki, na namba yake iandikwe kwenye faili. Muulizeni na baba mwenyewe angependa kujua kiasi gani kuhusu ugonjwa wake. Wazee wengi wameshafahamu zamani na wananyamaza kwa kuwaonea watoto huruma. Chupa ikibaki ya siku 5, mpigieni muuguzi muulize kama ndugu anaweza kuchukua nyingine kwa niaba yake. Aje na cheti, daftari na chupa tupu.